Chatu wa Golf na Kidole cha Papa Faustin

Mtaa wote wa Katuba haukuwa na mtu mwenye kushuku kama Kasonde. Nyumbani kwake mfuko wa sukari ulikuwa na alama ya kalamu, ili ajue kama umeguswa. Ukimsalimu kwa uchangamfu uliozidi kidogo, alikujibu vizuri, kisha njia nzima alijiuliza ulikuwa unataka nini. Watoto wa mtaa walimwita Papa Polisi, kwa siri bila shaka, naye alijua, na alikumbuka vizuri sana ni nani aliyeanza.

Lakini tusimcheke haraka. Mtu huyu, mzaliwa wa Kasomeno kwenye barabara ya Kasenga, alifunga vidonda miaka kumi na sita katika dispensari ya kambi moja ya wachimba shaba, na huko ndiko alikoharibikiwa. Mfunga vidonda husikia uongo asubuhi mpaka jioni. Mtu kapigwa chupa na shemeji yake, anasema ameanguka. Mwingine kaumwa na mke wake mwenyewe, anasema ni mbwa wa jirani, tena anakutajia na rangi ya mbwa. Kasonde akaacha kusikiliza midomo. Alikuwa anatazama kidonda, na kidonda kilimwambia kila kitu. Aliondoka pale siku alipomshuku mkubwa wake kwa habari ya dawa zilizopungua, akasema kwa sauti mbele ya watu. Kama alikuwa na haki au hakuwa nayo, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mkubwa alibaki na Kasonde akaenda zake.

Tangu mwaka wa sitini na tisa alikuwa anafanya kazi mtaa wa Golf, kwa mzungu mmoja mzee, Monsieur Casimir, mtaalamu wa mawe, mjane ambaye watoto wake walikuwa Ubelgiji na ambaye mwenzake wa nyumbani alikuwa chatu. Chatu kabisa, jike, urefu wa mita tatu na kitu, analala chumba cha nyuma ndani ya kizimba cha mbao chenye mlango wa kioo na balbu ya kumpa joto. Bustani ilikuwa na mtu wake, lango lilikuwa na mlinzi, na jikoni alikuwapo Alphonse, mpishi. Kasonde alichukuliwa kwa ajili ya nyoka tu, kwa sababu Monsieur alisikia kuna mfunga vidonda ambaye mikono yake haitetemeki.

Monsieur alimwita nyoka wake Joséphine. Serikali ilipotangaza kwamba kila raia aache jina la ubatizo ashike la wazee wake, Monsieur alisema huku anacheka kwamba basi na Joséphine atafutiwe jina jingine. Kasonde hakucheka. Miaka ile mtu hakujua nani amesimama nyuma ya dirisha. Yeye mwenyewe hakumwita nyoka jina lolote, kwani alishuku kwamba kitu ukikipa jina, siku moja kitaitika.

Kazi yenyewe alikuwa anaifanya vizuri mno. Kulisha chatu kuna utaratibu wake, na Kasonde hakuruka hata hatua moja. Kwanza, panya awe amekufa. Panya hai hafungiwi na nyoka, hata kwa saa moja, maana nyoka asipomtaka, panya naye ana meno. Pili, panya asizidi unene wa nyoka pale tumboni. Tatu, akinunuliwa leo haliwi leo. Anafungwa ndani ya gazeti na kulazwa mwezi mzima kwenye friza, wadudu wafe, ndipo siku ya kula anawekwa kwenye beseni, maji baridi kwanza, halafu ya vuguvugu, mpaka apate joto hata ndani ya tumbo, anafutwa kwa kitambaa. Kasonde ananawa mikono kwa sabuni mara mbili, maana mkono unaonuka panya mbele ya chatu ni panya. Anamshika panya kwa koleo ndefu kama mkono wake, anamleta polepole kutoka pembeni, anangoja. Nyoka akisha kukamata na kujizungusha, Kasonde hasogei na hasemi. Anatazama koo tu mpaka tonge limeshuka lote. Baada ya hapo siku mbili tatu hamgusi.

Alphonse alichukia jambo moja tu katika haya yote, nalo ni panya waliolala kwenye friza karibu na nyama ya ng'ombe. Alimwambia Kasonde hivyo zaidi ya mara moja, na Kasonde akaweka maneno hayo moyoni kwa matumizi ya baadaye.

Sasa, panya wenyewe. Kule kwetu panya wa porini ni kitoweo, tena kitoweo cha heshima. Wanachomwa manyoya, wanatolewa matumbo, wanapangwa kwenye vijiti na kukaushwa moshini, na mtu mwenye bukari ya moto, ugali wa kule kwetu, mbele yake anamshukuru Mungu. Kasonde alikuwa ananunua kwa Mama Chileshe, soko la Katuba. Lakini alitaka panya mwenye manyoya yake, mwenye matumbo yake, ambaye hajaona moshi, aliyekufa asubuhi ileile. Nani ananunua panya wa namna hiyo? Mama Chileshe alimuuliza mara ya kwanza kama mke wake ndiye anayependa kuwaunguza manyoya mwenyewe. Kasonde akajibu kwa nini unauliza. Mara ya pili hakuulizwa tena, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana mtu asiyeuliza amekwisha kujijibu.

Mtaani alikuwa amesema yeye ni mtu wa bustani. Hata mke wake Martine, aliyejua habari ya nyoka, alikatazwa kuitaja. Katika mji ule wote wanajua, au wanasema wanajua, kwamba kuna nyoka anayetunzwa chumbani na kumtapikia bwana wake utajiri, na nyoka huyo hali chakula cha kawaida, anataka watu. Kasonde aliona kwamba ukiwa na siri ya namna hiyo ni heri ukae kimya. Lakini mwaka wa sabini na tano, mwezi wa tano, Monsieur alimpa mabati yaliyobaki kwenye banda lake, na Kasonde akaezeka nyumba. Nyumba moja inang'aa kati ya nyumba kumi zilizochakaa, na bwana wa nyumba ananunua panya wenye manyoya ambao hakuna aliyewahi kusikia harufu yao jikoni kwake. Watu wakaunganisha.

Na mwaka uleule Clotilde akaposwa.

Clotilde alikuwa mtoto wao wa pekee. Kwenye karatasi za serikali alikuwa Mwaba, nyumbani alibaki Clotilde. Alipiga mashine ya kuandika kwenye ofisi moja mjini, na alimpenda mwalimu mmoja wa shule, Lucien, kijana mpole anayefuta chaki kwenye suruali yake. Hata Kasonde alimtafuta kosa miezi mitatu akalikosa, jambo lililomtia wasiwasi. Baba yake Lucien alikufa zamani. Mama yake, Mama Kapinga, alikuwa hai, lakini neno la familia lilikuwa la mjomba, Papa Faustin, fundi wa kushona, yule aliyeshona abakosti, suti za miaka ile zisizo na tai, za nusu ya wakubwa wa Katuba. Walikuja mara ya kwanza na soda na maneno mazuri. Ikapangwa warudi Jumapili ya tatu baada ya hapo kukamilisha posa. Kisha kukawa kimya. Clotilde akakutana na Lucien, akarudi macho yamevimba. Mjomba ameambiwa jambo kuhusu baba yako, Lucien alimwambia, na mimi siwezi kuoa bila mjomba.

Kasonde hakuuliza ni jambo gani. Alikuwa analijua.

Siku kumi kabla ya Jumapili hiyo, siku ya Alhamisi, Monsieur akiwa likizo Ubelgiji, Kasonde aliona macho ya nyoka yamepauka, yamekuwa rangi ya maji yaliyosuuzia kikombe cha maziwa. Maana yake anataka kujivua ngozi. Nyoka wa wakati huo haoni vizuri, hataki kuguswa na hataki kula. Kasonde akamwekea maji safi, akafunika kioo kwa kitambaa, akafunga chumba. Ufunguo mmoja ulikuwa mfukoni mwake, wa pili ulining'inia jikoni. Ijumaa aliwahi kuondoka, Jumamosi ilikuwa Salongo, kazi ya umma ya lazima, watu wote kwenye mifereji na majembe, Jumapili misa.

Jumatatu alifungua chumba akasimama mlangoni. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa upande usio wake. Chumba kilinuka mkojo wa panya.

Panya alikuwa kwenye kona ya kizimba, panya wa nyumbani, wa kijivu, mkia mrefu, anajisafisha uso bila haraka. Chatu alikuwa amejikunja upande wa pili, kichwa amekificha chini ya mwili. Mgongoni alikuwa na vidonda vitano, magamba yameng'olewa, na karibu na mkia nyama nyekundu ilikuwa wazi. Siku zote hizo panya hakuwa na chakula kingine. Kasonde alikaa chini sakafuni. Miaka sita alikuwa hajawahi kusema kwamba anampenda yule nyoka, wala sisemi kwamba alimpenda. Lakini uchungu uliompata pale ulikuwa wa kweli.

Alimtoa panya kwa koleo. Akachemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe. Akaosha kidonda kimoja kimoja kwa pamba, bila kusugua, kwa sababu ngozi ya zamani bado ilikuwa imeshika. Kisha iode, ile dawa ya kahawia ya vidonda, lakini si kali kama ilivyo chupani. Aliichanganya na maji mpaka ikawa rangi ya chai hafifu, akagusa tu juu ya jeraha. Akatoa majani na takataka zote kizimbani, akatandika karatasi nyeupe ambazo damu na usaha vitaonekana, akaangalia balbu kama joto linatosha. Chakula hapana, mpaka vidonda vikauke. Kila asubuhi aliosha upya na kuchungulia kama pamevimba. Chupa ya iode aliirudisha nyumbani kila jioni mfukoni mwake, maana alishuku kwamba aliyeleta panya anaweza pia kutia kitu kwenye dawa.

Halafu akaanza kufikiri ni nani, na kufikiri huko ndiko alikokujua zaidi kuliko kazi nyingine zote. Alphonse, kwa sababu ya friza? Mlinzi wa lango, aliyeomba soksi kuukuu za Monsieur akanyimwa? Mama Chileshe ametuma mtu? Au kuna mtu wa ofisi fulani anayetaka kusema kwamba mzungu anafuga uchawi? Alimuuliza Alphonse swali moja tu: nani alishika ufunguo? Alphonse alisema yeye alikuwa Salongo, akapepesa macho, akaanza kukata vitunguu ambavyo tayari vilikuwa vimekatwa. Kasonde akamwacha. Hakutaja panya kwa Alphonse, hakutaja kwa mlinzi, hata kwa Martine hakutaja. Alikuwa na mpango wake. Atakayetamka neno panya bila kuambiwa, huyo ndiye.

Siku zikapita na hakuna aliyetamka. Ijumaa chatu akajivua ngozi, ikatoka salama, na chini yake vidonda vinne vilikuwa vimekauka. Cha tano, karibu na mkia, kilikuwa bado kibichi lakini safi.

Jumapili saa sita mchana Papa Faustin na dada yake Mama Kapinga wakaingia uani. Martine alikuwa ameamka alfajiri. Kulikuwa na bukari nyeupe, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa karanga, na kuku wawili, na Clotilde katika kitenge kipya amesimama mlango wa jikoni akijifanya anapanga sahani. Kasonde alimtazama mtoto wake akaona midomo yake imekauka. Kama watu hawa wakiondoka leo bila neno, alijua, hakuna familia nyingine Katuba itakayobisha hodi kwake. Wataogopa nyumba.

Papa Faustin alisalimu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa abakosti na haukutoka. Walizungumza mvua iliyochelewa kuisha, bei ya uzi, afya ya watu wote. Kisha Martine akapiga magoti na beseni na sabuni kwa ajili ya kunawa, na Papa Faustin akasema asante, hana njaa.

Yoo! Mtu aliyekuja kuposa hakatai chakula cha nyumba ya msichana. Akikataa chakula amekataa mtoto. Martine alibaki amepiga magoti na beseni mikononi, maji yanacheza. Kasonde akaelewa: wanaogopa sumu. Wamekuja kwangu, wamekaa kwenye viti vyangu, na wanadhani nitawaua.

"Baba Clotilde," Papa Faustin alisema, "mi sina neno na mutoto. Mutoto iko muzuri, kila muntu anajua. Neno langu iko na ule nyoka."

Kasonde alisema ni nyoka wa mzungu wake, ni kazi tu, kama vile mwingine anavyotunza mbwa. Papa Faustin alitikisa kichwa polepole. Alisema mbwa haoneshi kitu, lakini nyoka anaonesha yeye ni wa nani. Nyoka wa Mungu anakula panya, hata mtoto anajua. Na nyoka yule mwingine, wa utajiri, ukimwekea panya anamwacha, kwa sababu si chakula chake.

"Na ule wako alikataa panya siku tatu," alisema. "Basi anakulaka nini?"

Hapo Kasonde akasikia neno panya. Kwa siku sita alikuwa amelisubiri neno lile, kwa Alphonse, kwa mlinzi, sokoni. Hakulisubiri hapa. Alitazama ule mfuko wa abakosti.

"Papa Faustin," alisema kwa sauti ndogo, "nani alikuambia kama nyoka alipewa panya?"

"Bantu banasema."

"Bantu gani? Mi sikumwambia muntu. Bibi yangu huyu hajui. Muulize." Martine, bado na beseni, alitikisa kichwa kwamba hajui lolote. "Aliyejua ni mimi, na panya, na ule mwenye kumuleta. Toa mukono."

Papa Faustin alisema mkono umechomwa na sindano ya cherehani. Kasonde alirudia, toa mkono. Mama Kapinga, ambaye tangu aingie alikuwa hajasema zaidi ya salamu, aligeuka akamtazama ndugu yake, na Papa Faustin akautoa.

Kitambaa kilikuwa cheusi kwa uchafu. Kasonde alikifungua taratibu, kama alivyofungua maelfu. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na ubavuni kilikuwa na matundu mawili karibu karibu juu na mawili chini yanayotazamana, usaha umeanza. Sindano ina tundu moja. Wenye kuuma kutoka juu na chini ni wale wenye meno mawili mbele. Kasonde hakuhitaji kusikia zaidi, lakini Papa Faustin alikwisha kuchoka kuficha, akaeleza mwenyewe. Ijumaa ile alikwenda Golf. Alphonse anasali naye kanisa moja, alimfungulia. Alinasa panya kwenye duka lake la kushona akampeleka ndani ya mkebe, na alipokuwa anamwaga kizimbani, panya akamng'ata kidole. Jumapili Alphonse akachungulia, akamletea habari: panya mzima, nyoka amemwacha.

"Faustin," Mama Kapinga alisema, "uliingia nyumba ya bantu?"

Papa Faustin akatazama sakafu. Wote mle ndani walijua Kasonde ana nini mkononi sasa. Neno moja kwenye ofisi ya zone, serikali ya mtaa, kwamba fundi fulani aliingia kwa mzungu wa Golf mwenyewe hayupo, na Papa Faustin angelala mahali pabaya, na Alphonse pamoja naye. Kasonde aliliona neno hilo, na siwezi kusema halikumvutia. Mtu aliyeshukiwa maisha yake yote na kushuku maisha yake yote, siku amekamata kweli, anataka aifurahie kidogo. Alitazama mlango wa jikoni. Clotilde alikuwa ameshika sahani moja kwa mikono miwili, hajasogea.

Basi akaeleza. Alieleza macho yaliyopauka na ngozi inayovuliwa, na kwamba nyoka wa wakati huo hata umletee panya wa dhahabu hamtaki. Alieleza vidonda vitano, na panya aliyekula mgongo wa nyoka kwa sababu alifungiwa bila chakula. Alisema kwa hasira, na hasira yake ilikuwa kwa ajili ya nyoka, na hilo Mama Kapinga aliliona.

Papa Faustin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa unyenyekevu lakini akauliza, atajuaje kama maelezo hayo ni ya kweli.

"Hutajua," Kasonde alisema. "Na mi sitajua kama mutoto wangu hatateswa kwenu. Bote tuko tunashukiana. Lakini hiki kidole nakijua. Kikikaa hivi, hutashika sindano tena."

Akatoa chupa ya iode mfukoni, akaiweka mezani. Akamwambia Martine alete maji ya moto, chumvi na sabuni. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua kupamba, akaongeza kwamba dawa hii ndiyo aliyomtibia nyoka, kutoka chupa hiihii, na juzi asubuhi ilikuwa inafanya kazi Golf. Papa Faustin akarudisha mkono kifuani. Mtu wa kawaida angenyamaza juu ya jambo hilo, lakini Kasonde alikuwa amesikia uongo wa kutosha kwenye meza ya vidonda, hakutaka kuongeza wake.

"Mupe mukono," Mama Kapinga alisema.

Akampa. Kasonde aliosha mkono wote kwa sabuni, akaulaza kwenye maji ya chumvi yenye moto wa kuvumilika mpaka ngozi ikalainika na usaha ukatoka wenyewe bila kukamuliwa, akapaka iode, akafunga kwa kitambaa kilichopigwa pasi, kidole hadi kiganja. Papa Faustin alifumba macho muda wote, midomo inacheza, alikuwa anasali. Kasonde alimwambia kesho asubuhi aende dispensari achomwe sindano ya penisilini na ile ya pepopunda, asiseme kidole kimepona kwa sababu hakiumi, tena asidanganye huko kwamba ni cherehani.

Bukari ilikuwa bado inatoa mvuke kidogo chini ya kifuniko. Papa Faustin aliitazama. Tumbo lake likalia, watu wote wakasikia, naye akaona aibu. Sasa alitaka kula, hiyo ilionekana. Lakini mkono wa kulia umefungwa, na kula kwa mkono wa kushoto kwenye meza ya wakwe ni tusi kubwa kuliko kukataa. Clotilde akaja haraka na kijiko. Papa Faustin alikipokea, akakigeuza, akakitazama upande wa pili, akatazama chungu cha sombe, akakiweka chini.

Hapo ndipo watu wengine wangekasirika upya. Kasonde hakukasirika. Mtazamo ule aliujua, ulikuwa wake mwenyewe. Ndivyo alivyotazama mfuko wa sukari kila asubuhi.

Akavuta beseni, akanawa mikono kwa sabuni, akasuuza, akanawa tena mara ya pili, akaifuta. Akamega bukari, akaifinyanga, akaichovya kwenye sombe, akaigawa matonge mawili mbele ya macho yao wote. Nusu akaila yeye, akatafuna, akameza. Nusu ya pili akaipeleka kwenye mdomo wa Papa Faustin, polepole, kutoka pembeni, akangoja. Papa Faustin alimtazama Kasonde, akamtazama dada yake, halafu akafungua mdomo.

Clotilde alikuwa amefunika midomo yake kwa ncha ya kitenge. Mama Kapinga alivuta lile beseni kwake akaanza kunawa mikono. Kasonde hakuona lolote kati ya hayo, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye koo la mkwe wake, na hakuyaondoa mpaka tonge liliposhuka lote. Ndipo akamega la pili.